Mwongozo kamili: namna ya kujenga ujuzi wa kimataifa kwa wanafunzi wa uhandisi kupitia changamoto halisi

Tarehe 23 Septemba 1999 chombo cha Mars Climate Orbiter kilipotea kikiwa kinaingia kwenye mzunguko wa sayari ya Mars, na sababu yake wahandisi wengi wanaijua: programu ya upande wa Lockheed Martin ilikuwa inatoa namba za msukumo kwa pauni-sekunde, upande wa NASA wakazisoma kama niutoni-sekunde, tofauti ya zaidi ya mara 4. Sasa kinachonikaa kichwani kila nikiisimulia darasani ni kwamba timu zote mbili zilikuwa Marekani, zinaongea lugha moja, wamesoma vitabu vilevile, na kulikuwa na wataalamu wa uongozaji walioona mapema kwamba njia ya chombo haiendi sawa ila wasiwasi wao haukufuatiliwa ipasavyo. Kama watu wa nchi moja wanaweza kupishana hivyo, hebu fikiria mwanafunzi wako ambaye miaka 4 yote amefanya kazi na marafiki zake wa meza moja, halafu siku ya kwanza kazini anaambiwa mwenzio wa kuchora yuko bara lingine, mteja yuko kwingine, na kiwanda kiko kwingine kabisa.

Ujuzi huo wa kufanya kazi na watu wa nchi nyingine haufundishiki kwa lekcha. Nimejaribu, nikatengeneza slaidi nzuri za mawasiliano ya tamaduni tofauti, wanafunzi wakaandika notsi, mtihani wakafaulu vizuri tu, na mradi wa kwanza wa pamoja ukavunjika wiki ya tatu kwa sababu upande mmoja walisema "tutajaribu" wakimaanisha haiwezekani, na upande wa pili wakasikia "ndiyo". Kuanzia hapo nikahamia kwenye ujifunzaji kupitia changamoto, na huu mwongozo ni wa mhadhiri au mkuu wa idara anayetaka kuanza muhula ujao na hajui ashike wapi.

Kwanza hii kitu ni nini hasa

Jina na utaratibu wake vilisambazwa na Apple mwaka 2008, na siku hizi kazi inagawanywa kwenye awamu 3: kujihusisha, kuchunguza na kutenda. Unaanza na wazo kubwa (mfano afya), wazo linazaa swali la msingi, swali linazaa changamoto inayotekelezeka, halafu wanafunzi wanaorodhesha wenyewe maswali ya kuwaongoza, wanatafuta majibu, wanatengeneza suluhisho na kulipima mbele ya watu wanaohusika. Ina undugu na ujifunzaji kupitia matatizo ulioanzia shule ya udaktari ya McMaster kule Kanada mwaka 1969, na miradi ya Aalborg ya Denmark tangu 1974. Ila kuna tofauti moja ambayo lazima uielewe kabla ya yote: kwenye tatizo la kawaida mwalimu analijua jibu, au walau anajua jibu linafananaje. Kwenye changamoto hata wewe hujui, na mwanafunzi anajua kwamba hujui. Hapo ndo anaacha kukutazama usoni kutafuta jibu na kuanza kuwatafuta watu wengine, na hao watu wengine ndo mlango wa huo ujuzi wa kimataifa tunaoutaka.

Vyuo vizito vimeshabadilisha mitaala yao kwa njia hii, Tecnológico de Monterrey ya Meksiko wana mfumo wao wa Tec21 tangu 2019, na Eindhoven kule Uholanzi nao wameuweka katikati ya mipango yao. We huhitaji kubadilisha chuo kizima, kozi moja inatosha kuanzia.

Hatua ya 1: andika unataka kumwona mwanafunzi akifanya nini

Usiandike "mwanafunzi atakuwa na mtazamo wa kimataifa", hiyo huwezi kuipima na huwezi kumfundisha mtu. Andika tabia inayoonekana kwa macho. Mimi natumia hizi: anaweza kumweleza mtu asiye mhandisi kwa nini kachagua suluhisho hili, na yule mtu akalirudia kwa maneno yake, anatafuta kanuni na viwango vya mahali kifaa kitakapotumika kabla hajachora, anaweza kupinga wazo la mwenzake wa nchi nyingine bila kumvunjia heshima na bila kunyamaza, akigundua wamepishana anasema siku hiyohiyo, na anabadilisha uamuzi wake baada ya kumsikiliza mtumiaji, tena anaandika ni nini kilichombadilisha.

Hizo 5 zinatosha. Ukitaka kumshawishi mkuu wa idara au kamati ya mitaala, waonyeshe kwamba mambo haya si mapambo. Sifa za mhitimu zinazotumika chini ya Washington Accord, mkataba wa 1989 wa kutambuana kwa digrii za uhandisi, zinadai kazi ya timu kwenye mazingira ya watu mchanganyiko, mawasiliano, na kufikiria athari kwa jamii. ABET, taasisi ya Marekani inayothibitisha programu za uhandisi, nao wanamtaka mhitimu aweze kuwasiliana na hadhira za aina mbalimbali na kutazama matokeo ya kazi yake kidunia, kiuchumi, kimazingira na kijamii. Kwa hiyo huongezi mzigo, unafanya kile ambacho tayari mnadaiwa.

Hatua ya 2: chagua changamoto (hapa tumia muda mrefu kuliko unavyodhani)

Changamoto mbaya itaua kila kitu kinachofuata hata ukiwa mwezeshaji hodari vipi. Wengi wanakimbilia Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, wanachukua lengo la 6 wanawaambia wanafunzi "tatueni tatizo la maji". Hilo ni wazo kubwa, bado hujafika kwenye changamoto. Au wanaenda upande wa pili, wanasema "tengenezeni pampu ya lita 20 kwa dakika kwa PVC ya inchi 2", na hapo umeshawamalizia kazi, kilichobaki ni hesabu tu.

Mimi napitisha kila changamoto kwenye maswali manne. Je, kuna mtu halisi atakayeathirika, na anaweza kupatikana kuongea na wanafunzi? Je, jibu linabadilika ukihama kutoka nchi moja kwenda nyingine? Je, inahitaji ujuzi wa fani zaidi ya moja? Je, ndani ya wiki 12 mpaka 14 wanaweza kufika kwenye kitu cha kujaribiwa, hata kama ni cha maboksi na tepu? Swali la pili ndo roho ya mambo yote, kama jibu ni lilelile kila mahali basi hakuna sababu ya kumsikiliza mwenzako wa mbali.

Nikupe mfano ninaoupenda, nitaendelea nao mpaka mwisho: jokofu dogo la kutunzia chanjo kwenye zahanati isiyo na umeme wa uhakika. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, wengi wanaogopa joto tu, kumbe baadhi kama ile ya homa ya ini aina ya B zinaharibika zikiganda. Tayari mwanafunzi wa mekanika anamhitaji wa umeme, wote wawili wanamhitaji muuguzi. Halafu mahali: nchi moja ina volti 230 kwa 50 Hz (mizunguko ya umeme kwa sekunde), nyingine volti 120 kwa 60 Hz, Japani ina Hz za aina zote mbili, mashariki 50 na magharibi 60. Mota ya kompresa ya ncha 2 ambayo kasi yake ya mzunguko wa sumaku ni 3000 kwa dakika kwenye 50 Hz inakuwa 3600 kwenye 60, kwa hiyo kifaa kilekile kinapoza tofauti na kinachemka tofauti. Mahali pengine jua ni la uhakika mwaka mzima, pengine kuna miezi ya mawingu. Hakuna mwanafunzi atakayelimaliza hilo peke yake na gugo.

Na lazima uwape wanafunzi stori ya changamoto iliyokosewa. PlayPump ilikuwa bembea ya kuzunguka iliyounganishwa na pampu, watoto wanacheza na maji yanapanda kwenye tangi, na mwaka 2006 wafadhili wakubwa waliahidi mamilioni ya dola kuisambaza kusini mwa Afrika. Wazo lilipendwa sana na waliokuwa mbali. Mwaka 2009 gazeti la The Guardian lilipiga hesabu likaona ili pampu moja ihudumie idadi ya watu iliyotajwa, watoto wangetakiwa kucheza saa 27 kwa siku. Siku ina saa 24! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kuifanya hesabu hiyo kabla ya bolti ya kwanza kufungwa, na mama anayechota maji kila asubuhi angeweza kusema watoto wanachoka na kuondoka. Huwa nawaachia wanafunzi dakika 10 waifanye hesabu wenyewe kabla sijawaambia jibu, kimya kinachofuata kinafundisha kuliko mimi.

Hatua ya 3: tafuta mwenza

Anza miezi 5 au 6 kabla. Mwenza bora ni mhadhiri mmoja mwenye hamu kama yako, kuliko mkataba mkubwa kati ya vyuo ambao unasainiwa na kupigwa picha na hakuna anayeufanyia kazi. Mkikutana mtandaoni ongeeni mambo makavu kwanza: mihula yenu inaingiliana wiki ngapi? (Mkipata wiki 8 mmebahatika.) Kazi hii ina alama kwa pande zote mbili? Hili la alama usilipuuze, kama upande mmoja ina asilimia 40 ya kozi na upande wa pili ni ya kujitolea, wale wa kujitolea watapotea wakati wa mitihani, na wenzao wataondoka wakiamini watu wa nchi ile ni wavivu. Utakuwa umejenga ubaguzi badala ya ujuzi.

Na mdau naye, yule muuguzi au fundi, mwombe saa 3 tu za muhula mzima: moja mwanzoni, moja katikati, moja mwisho. Watu wanakubali wakijua mwisho wake.

Hatua ya 4: panga timu ili mtu asiweze kumkwepa mwenzake

Watu 5 au 6 kwa timu, na kila nchi iwe na watu wasiopungua 2. Mmoja peke yake atanyamaza, nimeona hivyo mara nyingi mno, anakuwa mtazamaji wa mazungumzo ya wenzake wanaojuana. Usiwaache wachaguane.

Kisha kosa kubwa ambalo karibu kila timu italifanya usipowazuia: kukata kazi vipande kwa nchi, nyie boksi, sisi umeme, tukutane wiki ya 12. Kinachotokea hapo dunia ilishakiona kwenye Airbus A380. Ndege ile ina takribani kilomita 530 za nyaya, timu ya Ujerumani ikawa inatumia toleo la zamani la programu ya kuchorea ya CATIA na ya Ufaransa toleo jipya, wakati wa kuunganisha nyaya hazikutosha, ndege zikachelewa karibu miaka miwili. Hao walikuwa mabingwa, wenye pesa na uzoefu. Kwa hiyo gawa kwa aina ya kazi, si kwa nchi, kila sehemu iwe na mtu kutoka kila upande: insulesheni wawili wa nchi tofauti, umeme wawili wa nchi tofauti. Na kila wiki ya pili waunganishe kitu, hata michoro tu, waone kama vinaingiliana.

Hatua ya 5: wiki ya kwanza isiwe na uhandisi

Wanafunzi watalalamika, wanataka kuanza kuchora. Wazuie. Wiki hii wanaandika makubaliano ya timu, ukurasa mmoja au miwili, na mambo yanayoonekana madogo ndo yenye moto:

Vipimo, mfumo wa kimataifa wa SI (mita, kilo, niutoni) peke yake, na kila namba iandikwe na kipimo chake. Namba 1,250 kwa mmoja ni elfu moja mia mbili hamsini, kwa Mjerumani inaweza kuwa moja nukta mbili tano. Tarehe zianze na mwaka, 2026-04-03, maana 03/04 ni Aprili kwa wengine na Machi kwa wengine. Michoro ni ya pembe ya kwanza au ya tatu, yaani mionekano ya kitu inapangwaje kwenye karatasi? Ulaya wamezoea ya kwanza, Marekani ya tatu, ukisoma vibaya tundu linatobolewa upande usio wake. Saa za mikutano ziandikwe kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), na angalieni mwezi wa tatu: Marekani wanasogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya wanasubiri Jumapili ya mwisho, hivyo wiki 2 au 3 kila mtu anachelewa mkutano na kumlaumu mwenzake. Faili zinaitwaje, zinakaa wapi, na nani ana ruhusa ya kubadilisha toleo la mwisho.

Halafu la mwisho ambalo ni gumu zaidi: tunasemaje hapana? Kila mmoja aandike sentensi anayotumia kwao akiwa hakubaliani na mtu, na sentensi anayotumia akiwa hajaelewa. Wanasomeana. Nakwambia hili zoezi la nusu saa limeokoa miradi mingi kuliko kitu chochote nilichofanya, kwa sababu mtu anagundua kwamba kile alichokiona ni ukali ni namna tu ya mwenzake kuongea, na kile alichodhani ni kukubaliwa ilikuwa adabu. Na kama lugha ya mkutano wengine wameizaliwa nayo na wengine wamejifunza shule, wekeni sheria ya kila jambo la uamuzi kuandikwa kwenye sehemu ya ujumbe (chat) ya mkutano kabla mkutano haujaisha, anayesoma polepole naye ana haki.

Hatua ya 6: uchunguzi

Timu iandike maswali yote wasiyoyajua, lengo 50. Ya kwanza 20 yatakuwa ya kitabu, ya mwisho ndo mazuri, kama vile nani anafungua jokofu na mara ngapi kwa siku, likiharibika Jumamosi nani anaitwa, spea zinatoka wapi. Yapangwe: yanayojibiwa kwa kusoma, kwa kupima, kwa kumuuliza mtu. Kila swali la kumuuliza mtu liulizwe katika nchi zote mbili na majibu yawekwe bega kwa bega kwenye jedwali moja. Pale yanapotofautiana, timu ikae hapo. Mara nyingi suluhisho linatoka kwenye hiyo tofauti.

Wafundishe pia kuhoji. Usimuulize muuguzi "ungependa jokofu la sola?", kila mtu atasema ndiyo. Muulize "mara ya mwisho umeme ulipokatika ulifanyaje?"

Hatua ya 7: kutenda, na wewe kukaa pembeni

Wiki ya 5 wawe na mfano wa majaribio wa kwanza, mbaya, wa boksi la thermokoli (lile povu jeupe jepesi) na kipimajoto. Ukiwa mzuri sana ujue wamechelewa na hawatataka kuubadilisha. Kila wiki ukutane na kila timu dakika 15 na uulize mambo matatu tu: mmegundua nini, mmebadilisha nini, nani hajasikika wiki hii?

Ugomvi utakuja, kwangu mara nyingi wiki ya 4 mpaka ya 6. Bruce Tuckman aliandika mwaka 1965 kwamba vikundi vinapita kwenye kukusanyika, dhoruba, kuzoeana halafu ndo kazi, waonyeshe hilo mapema ili dhoruba ikija wajue ni hatua na si kushindwa. Usikimbilie kuamua. Waulize makubaliano yao ya wiki ya kwanza yanasemaje, wayabadilishe kama hayafai. Ingilia tu pale mtu anapodhalilishwa, hapo ingilia siku hiyohiyo.

Katikati, wiki ya 7 hivi, badilisha sharti moja. Kwenye mfano wetu waambie zahanati ya pili iko kwenye nchi ya 60 Hz, au mdau mwenyewe aje aseme chumba ni kidogo kuliko walivyodhani. Waambie mapema kwamba mabadiliko yatakuja, bila kusema yapi, ili wasijisikie wametegwa.

Hatua ya 8: alama

Hapa ndo nia yako inajulikana. Ukisema mawasiliano ni muhimu halafu asilimia 80 ya alama ziko kwenye kifaa, wanafunzi wanasoma alama, hawasomi maneno yako. Mgawanyo wangu: suluhisho na majaribio yake 35, kumbukumbu ya maamuzi ya timu 20, daftari la kila wiki la mtu mmoja mmoja 20, tathmini ya wenzake 15, na 10 za uwasilishaji mbele ya mdau. Hizo 10 anazitoa mdau mwenyewe kwa swali moja tu, umeelewa na ungekitumia?

Daftari lisiwe insha ya "nimejifunza mengi". Dai tukio: eleza mara moja wiki hii ulipomwelewa mtu vibaya, ulijuaje, ulifanya nini. Kwenye rubriki (mwongozo wa kutoa alama), kiwango cha chini ni anayesema watu wa nchi ile wako hivi au vile. Kinachofuata ni anayeeleza tofauti bila kuhukumu. Cha juu ni anayeonyesha yeye mwenyewe alibadilisha nini katika kazi yake kwa sababu ya ile tofauti. Tathmini ya wenzake ifanyike mara mbili, katikati bila alama na mwisho kwa alama, maana kumwambia mtu kosa lake siku ya mwisho ni kumwonea.

Kama huna mwenza, au intaneti ni ya shida, au darasa ni la watu 200

Bado inawezekana. Changanya fani na miaka ndani ya chuo chako, mpe kila kikundi nchi ambayo kifaa kitaenda na kanuni zake halisi, na kabidhishaneni kazi katikati ya muhula: timu A inaipa timu B michoro na maelezo, bila ruhusa ya kuongea, wanaandikiana tu kwa siku 2. Utashangaa wanavyoanza kuandika vizuri baada ya kupokea uchafu wa wenzao. Kwa intaneti dhaifu acha video kabisa, tumia ujumbe wa sauti, maandishi na picha za michoro, mtu anajibu ndani ya saa 24, na kwa kweli wale wanaoogopa kuongea huwa wanachangia zaidi kwa njia hiyo. Darasa kubwa gawa changamoto moja kwa timu zote na uwatumie wanafunzi waliopita mwaka jana kama wawezeshaji wa timu 4 kila mmoja, wape cheti au krediti, usiwatumikishe bure.

Wiki ya mwisho, baada ya alama kutoka, itisha kikao cha saa moja na mwenza wako na wanafunzi wawili wawili kutoka kila timu. Chukueni ile kumbukumbu ya maamuzi mpitie uamuzi mmoja uliowagharimu muda zaidi, muulizane ni swali gani mngeulizana mapema ili uamuzi huo uje haraka. Andika hilo swali. Ndilo litakuwa la kwanza kwenye karatasi ya makubaliano utakayowapa wanafunzi wa muhula unaofuata.